Mgeni Asiyekula Chenye Macho

Jumanne iliyopita jirani yangu hapa Viwanja Sitini alikuwa anatwanga samaki wakavu uani kwake, na harufu ikavuka ua ikanikuta nimekaa na kikombe changu cha chai. Ninyi mliozaliwa mjini mnaijua harufu ya samaki wa kukaanga, labda na ya samaki aliyeoza. Hii ni nyingine. Ni ya samaki aliyekaa juu ya moshi wa kuni siku tatu, akajikunja, akakauka mpaka mifupa, kisha akakutana na mchi. Inaingia puani kama vumbi, inakaa kooni, na ukinawa mikono haitoki mpaka kesho yake. Mjukuu wangu akainuka kufunga dirisha. Nikamwambia aliache wazi, maana mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka pale kitini. Nilikuwa nyumbani kwetu Mlabani, nina miaka tisa, nimeshika mchi mfupi, na Bibi amesimama mlangoni kunikinga watu wasione ninachotwanga.

Bibi huyo alikuwa mama yake baba, Mndamba wa mtoni hasa, binti wa mvuvi na mjane wa mvuvi. Babu alipofariki, baba alimchukua kutoka kule kandokando ya mto Kilombero akamleta akae nasi. Alikuja na mkeka mmoja, vyungu vitano, na msimamo kwamba mboga isiyo na samaki ni majani tu, na majani ni ya mbuzi. Kwenye nyumba yetu kila kitu kilipitia kwa samaki mkavu. Matembele yalitiwa samaki, maharage yalitiwa samaki, na hata wawindaji walipotuletea nyama ya sheshe, yule swala wa mbuga zetu, Bibi hakuacha kunyunyizia kidogo, eti mchuzi usikae mpweke. Mama yangu alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge na alikulia kwenye mboga za karanga. Mwaka wa kwanza alishindana na Bibi, mwaka wa pili akachoka. Sisi watoto hatukujua kama kuna ladha nyingine duniani.

Nikiwaambia kwamba nyumba yetu ilikuwa ya furaha tupu nitakuwa nawadanganya. Masika yaliyotangulia, mtoto mchanga wa jirani yetu Mama Kaspari aliugua siku mbili akafa. Asubuhi ya siku aliyoanza kuugua, Bibi alikuwa amempelekea uji. Ilikuwa homa, kama homa iliyowachukua watoto wengine wengi masika yale, lakini Mama Kaspari alikumbuka uji. Neno likaanza kutembea taratibu. Wanawake waliokuwa wakipita kwetu kuomba moto wakaanza kuuomba kwingine. Kwenye misiba Bibi alitumwa kuchota maji, asikaribie vyungu. Watoto wenzangu, ambao zamani waligombania ndizi zake za kuchoma, walizipokea kwa mikono miwili, wakasema ahsante, wakaenda kuzitupa nyuma ya choo. Niliziona ndizi hizo. Sikumwambia.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu wakati ule: ng'ambo ya mto, kuelekea Mahenge, alikuwepo mganga ambaye kazi yake ilikuwa kuwanyoa watu waliotajwa kuwa wachawi. Alikunyoa nywele za kichwani, nyusi, na kila unywele ulio nao, akakunywesha dawa, ukarudi kwenu. Walisema ni kusafishwa. Lakini mtu aliyerudi na kichwa kile cheupe alikuwa ametangazwa, na hata nywele zilipoota tena watu waliendelea kumpisha njia. Mjane mmoja wa kule juu alirudi akajifungia ndani, akakataa chakula mpaka akafa. Bibi alikuwa amezisikia habari hizo. Alianza kulala na kilemba kichwani.

Basi katikati ya hayo akaja Baba Mkubwa Osmundi.

Tulimjua kabla hatujamwona. Baba yangu alikuwa seremala, na mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kidogo tangu vita vya Burma. Kila alipomchongea mtu mlango, mwenye mlango alisikia habari za Osmundi, mtu wa Ziwa Nyasa, aliyembeba mgongoni siku mbili kwenye mvua na matope mpaka walipofika kwa madaktari. Baba alipelekwa hospitali, Osmundi akarudi vitani, na hawakuonana tena kwa zaidi ya miaka kumi. Alhamisi moja lori la mpunga likamshusha barabarani mtu mrefu, mwembamba, mwenye sanduku la mbao na kofia aliyoivua mbele ya kila mtu, hata mbele yangu. Alikuwa amemaliza kazi ya mkonge huko Kilosa, akasema hawezi kurudi kwao kabla hajauona ule mguu. Baba alilia mbele ya watu. Sikuwahi kumwona akilia, na niliona haya kwa niaba yake.

Bibi alisema mgeni huyo atapikiwa na yeye, si na mwingine. Akamchinja jogoo wetu mwekundu, yule mkali aliyekuwa akitukimbiza watoto, na nakiri kwamba nilifurahi. Akapika wali wa mpunga mpya, ule unaonukia mpaka barabarani. Jioni hiyo, jua halijazama, majirani walijaa kwetu kumwona shujaa wa milango yote ya Mlabani. Mama Kaspari na mumewe nao walikuja. Kama desturi ilivyotaka, mgeni ndiye wa kufungua chakula, na firigisi ya jogoo ilikuwa imewekwa juu kabisa ya bakuli, mbele yake, ili kila mtu aione ikichukuliwa.

Baba Mkubwa Osmundi akaitazama ile firigisi. Akalisukuma bakuli taratibu kuelekea kwa baba, akachota wali mtupu, akaomba chumvi.

"Mama, ahsante sana," akamwambia Bibi. "Wali huu unanitosha."

Nilisikia kuku wengine wakipanda kulala. Mama Kaspari akamtazama mumewe, mumewe akatazama bakuli, na watu wakaanza kukumbuka kazi walizoziacha nyumbani. Jogoo yule tulimla sisi wenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kula nyama nyingi bila raha.

Usiku mmoja ulitosha. Asubuhi nilipokwenda kisimani, mtaa wote ulikuwa unajua kwamba mgeni aliyetoka mbali, ambaye hakuambiwa lolote na mtu yeyote, amenusa chakula cha mama yake fundi akakiogopa.

Bibi mwenyewe alikuwa amepata maelezo mengine. Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo sisi Wakatoliki hatuli nyama, naye akaamka na uso mkunjufu. "Kumbe ni mtu wa dini sana," akasema. "Ameianza Ijumaa yake tangu jana." Akatafuta perege wawili wanene, akawapika kwa nyanya, akawapeleka mwenyewe mezani, maana samaki si nyama, hata padri anamla Ijumaa. Mgeni akasimama kupokea bakuli, akashukuru, akalifunika tena. Akala ugali na chumvi. Bibi akaweka upawa chini, akaenda kukaa nyuma ya nyumba akiwa ameuegemea ukuta. Nilimfuata. Alinishika mkono akaubana, akanitazama muda mrefu.

"Skola," akaniuliza, "mikono yangu inanuka?"

Nikamwambia inanuka samaki. Kwangu lilikuwa jibu zuri.

Mchana huo nilikuwa naokota maranda ya mbao kwa baba, ya kuwashia moto, na yeye na mgeni wameketi kwenye benchi la useremala. Baba hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

"Kaka, unamwogopa mama yangu?"

"Kwa nini nimwogope?"

"Hujala kwake tangu ulipofika. Mtu aliyekula na mimi nyama za makopo kwa kidole, leo anakataa kuku."

Baba Mkubwa Osmundi akaigeuzageuza kofia yake magotini. Kisha akaeleza, na nitawaeleza kama nilivyosikia, ingawa mengine niliyaelewa ukubwani. Baba alipokwisha kupelekwa hospitali, kikosi chao kilikwama milimani wiki tatu, mvua hazikatiki, chakula hakifiki. Yeye alikuwa amepewa punda wa kubebea mizigo. Alitembea naye miezi mingi, na punda huyo alikuwa na tabia ya kumwekea kichwa begani kila waliposimama kupumzika. Njaa ilipozidi walimchinja.

"Mimi ndiye niliyeshika kamba," akasema. "Alikuwa ananitazama mimi, si mwenye kisu. Nikamla na wenzangu. Nikashiba, ndugu yangu. Nililala nimeshiba."

Asubuhi yake alimwapia Mungu kwamba hatatia tena kinywani kitu chenye macho. Tangu hapo hajala nyama, hajala kuku, hajala samaki, na kwao ziwani, ambako mtoto anajifunza kuanika dagaa kabla hajajifunza kusali, walimwona mwendawazimu. Mke wake alimzoea. Mama yake mzazi alikufa hajamwelewa.

Baba akainuka na mguu wake, akavuka kwenda kwa Baba Kaspari kueleza. Nikamfuata kwa mbali na maranda yangu. Baba Kaspari alimsikiliza kwa heshima yote, akamkaribisha kiti, kisha akasema, "Fundi, wewe ni jirani yangu na sikutakii ubaya. Lakini mtu mzima, mzima wa afya, hali nyama, hali kuku, hali samaki, kwa sababu ya punda? Huyo anakuficha ili asikuaibishe. Jumatatu wazee watakuja kwako tuongee. Kama ni kumvusha mama ng'ambo, tumvushe kwa utaratibu."

"Jumapili baada ya misa njooni mle kwangu," baba akasema. "Nyote. Mama atapika, na mgeni atafungua chakula mbele yenu. Msipomwona anakula, Jumatatu nitamvusha mwenyewe."

Nilikimbia nyumbani kabla yake. Nilikuwa na miaka tisa, lakini neno kuvusha nililielewa.

Jumamosi yote ikawa ya vyungu. Mama alitambua mapema kwamba hatuna hata chungu kimoja ambacho samaki hajakaa ndani yake. Tulivisugua vyungu kwa majivu na mchanga, tukavichemshia maji na majani ya mchaichai, tukavianika juani. Mama akainamia kila kimoja, akanusa, akatikisa kichwa. Mwishowe akaenda kwa wafinyanzi akarudi na vyungu viwili vipya, vyekundu, vikinuka udongo. Akasema kimoja ni cha maharage na kingine ni cha kisamvu, na mtu akivisogezea mkia wa samaki watakosana naye mpaka kaburini. Alisema hivyo akiangalia ukuta, maana mkwe hatazamwi usoni kwa maneno kama hayo, lakini ukutani hapakuwa na mtu.

Kisha akaanza kumfundisha Bibi kupika mboga. Mngeyaona maajabu hayo mngecheka, na mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa. Mwanamke aliyepika miaka hamsini amekaa kwenye kigoda anaambiwa kisamvu kitwangwe hivi, kichemke hivi, karanga ziingie mwishoni, usikoroge sana. Bibi alifuata kila neno kwa utii wa kutisha. Alionja kisamvu cha majaribio, akakaa nacho mdomoni, akameza.

"Kwa hiyo kinaishia hapo?" akauliza.

"Kinaishia hapo, mama."

"Haya."

Jumapili Bibi na mimi tulikwenda misa ya kwanza, alfajiri, ili tupate muda wa kupika. Wengine walikwenda misa ya pili pamoja na mgeni. Tukabaki wawili na moto. Maharage yaliiva vizuri. Wali ulikuwa umekwisha kufunikwa, makaa juu ya kifuniko. Kisamvu kilikuwa kinatokota polepole, karanga zimetoa mafuta, na leo naweza kuwaapia kwamba kilikuwa kizuri. Bibi akachota kwa ncha ya upawa, akaonja. Akaonja tena. Akanipa na mimi, nami nikasema ukweli wa mtoto wa Mlabani, kwamba hakina kitu.

Niliona uso wake ukibadilika. Alitazama barabarani, akatazama jua.

"Nikiwapa hiki watasema nimechemsha majani," akasema, si kwangu. "Mgeni ataonja mara moja tu ataacha. Ataacha, halafu kesho..." Hakumaliza. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wake wa kitambaa uliokuwa ukining'inia juu ya moshi, akamimina kiganja kimoja cha samaki wadogo wakavu kwenye kinu kidogo cha dawa.

"Twanga. Laini, mpaka uwe unga."

"Bibi, hawa wana macho."

"Twanga kwanza."

Nikatwanga. Yeye akasimama mlangoni. Nilipomaliza akachukua ule unga kwenye kiganja chake, akanisogezea puani.

"Macho yako wapi hapo? Nionyeshe."

Nikatafuta kwa uaminifu kabisa. Sikuyaona. Bibi akautia ule unga kwenye kisamvu, akakoroga mara tatu, akanitazama. "Mimi na wewe tu," akasema. Nikala kiapo changu cha kwanza maishani, mikono ikiwa na vumbi la samaki mpaka kwenye viwiko.

Walikuja wote, na wengine ambao baba hakuwaita. Watu waliketi uani kwenye mikeka na magogo ya mbao za baba, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Bibi alipakua mwenyewe, akaweka mbele ya mgeni, akarudi kusimama karibu na mlango wa jiko. Baba alisali sala ndefu kuliko ya padri. Nikajibanza nyuma ya Bibi, nimeficha mikono mgongoni.

Baba Mkubwa Osmundi akanawa. Akakata tonge la wali, akalichovya kwenye kisamvu, akatia mdomoni. Taya lake likasimama.

Sikuhesabu ilikuwa kwa muda gani. Nakumbuka inzi mmoja akitembea kwenye ukingo wa bakuli, na hakuna aliyemfukuza. Mgeni aliinua macho akamtazama Bibi. Halafu akawatazama watu, mmoja baada ya mwingine, Baba Kaspari, Mama Kaspari aliyekuwa ameshika kidevu, wazee wawili walioketi mbele kabisa. Akanitazama na mimi. Kisha akameza, akakata tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Alikula sahani nzima. Akaomba aongezewe, akala na hiyo. Akapangusa bakuli kwa kidole, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea mbele ya kikosi, "Tangu nilipotoka kwa mama yangu sijala mboga kama hii. Mama, njoo ukae hapa tule pamoja." Bibi hakutaka kuja. Akamwita tena. Akaja, akakaa mkekani miongoni mwa wanaume, jambo ambalo halikuwa la kawaida, naye mgeni akasogeza sahani wakala sahani moja, mkono wake na mkono wa Bibi.

Baba Kaspari ndiye aliyefuata kuosha mikono. Kisha wazee. Wanawake wakaanza kupitisha bakuli. Mama Kaspari alikuwa wa mwisho. Alichukua tonge dogo sana, akalishika muda, akala, halafu akaweka kanga usoni akalia kwa ajili ya mtoto wake. Nadhani hakuwa amemlilia vizuri mpaka siku ile. Bibi akainuka, akaenda kukaa karibu naye, na hakufukuzwa.

Jumatatu wazee hawakuja. Sisemi maneno yalikufa, maneno ya namna ile hayafi kirahisi, lakini yalipoa, na kwenye msiba uliofuata Bibi alipewa upawa.

Mimi nilijiona mtu mkubwa. Tulikuwa tumemlisha samaki mtu asiyekula samaki, ameomba aongezewe, na hakuna ajuaye isipokuwa mimi na Bibi. Asubuhi hiyo ya Jumatatu nilikwenda kwenye migomba kutafuta majani ya kufunika chakula cha safari ya mgeni. Nikamkuta amepiga magoti kule ndani, kidole kooni, anajitapisha. Hakikuwa kinatoka chochote. Macho yalikuwa mekundu na mabega yanatikisika. Nikamwuliza kama anaumwa homa.

"Homa kidogo tu," akasema. Akasukutua kwa maji ya kibuyu, akakaa chini, akapumua. "Skola, usimwambie bibi yako kwamba umeniona. Atadhani ni chakula chake."

Nikamwahidi. Nilikuwa nimekuwa hodari wa viapo. Lori likaja, akavua kofia kwa kila mtu, akamshika Bibi mikono yote miwili, akaondoka. Hatukumwona tena.

Miaka ikapita. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa shule ya Sanje chini ya milima, na nilirudi nyumbani kwa likizo. Bibi alikuwa haoni vizuri tena. Likizo moja nilikuwa namsuka nywele, zimekuwa nyeupe zote lakini bado nyingi, tukawa tunacheka habari za zamani, na mimi nikaleta ile ya kisamvu. Nikamwambia, "Tulimweza yule mzee." Kichwa chake kikatulia mikononi mwangu.

"Unadhani hakujua?"

Nikaacha kusuka.

"Mtu wa ziwani," Bibi akasema, "amezaliwa juu ya dagaa, nani amfiche samaki? Alijua kabla hajatafuna. Niliona koo lake. Lilikataa, akalilazimisha. Nami ningeweza kusema. Ningeweza kwenda pale nikaiondoa ile sahani, niseme, baba, nisamehe, nimekosea. Watu wangeniona, basi, kesho ningevushwa. Nikasimama. Alipoomba aongezewe nikamwongezea, Skola. Nilikuwa naogopa."

Hapo ndipo nikamwambia habari ya migomba. Nilikuwa nimeitunza miaka kumi na zaidi bila kujua ninatunza nini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nichukue kalamu.

Barua ile aliitamka yeye, neno kwa neno, nami niliandika machozi na kamasi vikinitoka. Alimwambia alichokitia kwenye chungu na kwa nini, na kwamba alimwona akijua, na kwamba yeye ni mzee, hawezi kufika ziwani kumwomba radhi kwa magoti. Tukaituma kwa anwani ya parokia yao. Jibu lilichukua miezi mitatu, na nilipolifungua nilikuwa nimeketi kwenye kile kigoda chake cha jikoni. Yalikuwemo mambo ya mahindi, ya watoto wake, ya mguu wa baba. Halafu akaandika hivi: Mwambie Mama nimesoma barua yake lakini sikuielewa, nadhani anamfikiria mgeni mwingine. Mimi mboga niliyokula kwake ilikuwa ya karanga tupu.

"Rudia hapo," Bibi akasema. Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena.

"Mwongo huyu," akasema, na machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti.

Nilibaki na karatasi ile mkononi. Mwalimu mzima, mwenye cheti, na ndiyo kwanza nilikuwa naelewa jambo nililolishuhudia kwa macho yangu. Nilikuwa nimejisifu kwa ujanja ambao uani pale Bibi na mgeni waliujua wote wawili. Waliodanganywa ni majirani, na mimi. Yule mtu alikuwa na kitu kimoja tu alichorudi nacho kutoka vitani ambacho ni chake kabisa, kile kiapo chake kwa punda, akakivunja mbele yetu kwa mkono wake, kwa ajili ya kikongwe aliyemjua siku tatu, kisha akatafuta mahali pa kujificha akalie. Nikamwonea huruma mpaka nikakosa pa kuiweka, nikajionea haya kwa mikono yangu ya utotoni, na nikampenda Bibi kuliko zamani, maana alikuwa amekubali kunionyesha woga wake.

"Ameandika kama siku hizi anakula samaki?" Bibi akauliza.

"Hakuandika."

"Hali," akasema. "Alikula kwangu tu."